Ngannou hakunyang'anywa mkanda

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaotuandalia gazeti. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, wa wale wanaoanza kusoma kutoka ukurasa wa nyuma, na sijawahi kuandika barua ya namna hii. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Hivi karibuni mlitoa picha ya Francis Ngannou, Mkameruni yule wa mapigano mchanganyiko, na chini yake maelezo ya mistari miwili. Mlisema alinyang'anywa mkanda wa uzito wa juu wa UFC, kampuni kubwa ya Marekani ya mapigano hayo, akaishia kupigwa na bondia Mwingereza Anthony Joshua. Mwanangu aliye kidato cha pili ndiye aliyeniletea gazeti. Chumbani kwake ana ukuta mzima wa picha za Ngannou, kuanzia juu ya kitanda hadi karibu na dirisha, na kila picha ameiandikia tarehe kwa kalamu ya wino mwekundu. Hii ya kwenu aliikata vizuri kwa mkasi, lakini hakuibandika. Aliishika tu, akaniuliza, "Baba, kumbe alinyang'anywa?"

Nilimjibu hapana. Akaniambia gazeti limesema. Kwa hiyo naomba na gazeti lisikie.

Mkanda ule Ngannou aliutetea mara ya mwisho tarehe 22 Januari 2022, Anaheim, California. Kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi, jua limeshatoka, watu wanakwenda kanisani. Mpinzani wake alikuwa Ciryl Gane, Mfaransa ambaye hakuwa amepoteza hata pambano moja, na tena si mgeni kwake: waliwahi kufanya mazoezi pamoja katika gym moja ya Paris. Kocha Fernand Lopez, aliyempokea Ngannou na kumfundisha mchezo huu, siku hiyo alisimama kona ya Gane. Juu ya hayo, wiki chache kabla, goti la Ngannou lilichanika kano mazoezini. Aliingia kizimbani na goti hilohilo.

Raundi mbili za mwanzo zilikuwa mateso kuzitazama. Gane anacheza kwa miguu kama bondia wa uzito mdogo, anagusa na kutoka, anagusa na kutoka. Ngannou anatupa ngumi zake kubwa zinapita hewani. Mwanangu alikuwa bado mdogo, akaniegemea na kuacha kuongea. Halafu raundi ya tatu Gane akatupa teke, Ngannou akadaka mguu, akambeba mtu wa kilo zaidi ya mia juujuu na kumbwaga chini mgongo ukalia. Nilisimama na kikombe mkononi, chai ikanimwagikia mguuni, sikusikia kama ni ya moto. Huyu ndiye mtu ambaye watangazaji wote walikuwa wanasema hajui mieleka! Kuanzia hapo alimwangusha Gane tena na tena. Raundi ya tano Gane mwenyewe alikuwa amempata chini, akaingia tamaa ya kumvunja mguu kwa kabari, akapoteza nafasi, Ngannou akapanda juu na kukaa huko hadi kengele. Majaji wawili walitoa 48 kwa 47 na mmoja 49 kwa 46, wote kwa Ngannou.

Mkitaka kujua maoni yangu, hilo ndilo pambano lake kubwa kuliko yote. Televisheni hazilionyeshi kwa sababu halina mtu aliyelala chali. Zinarudia ile ngumi ya kushoto iliyomzimisha Alistair Overeem mwaka 2017, kidevu kinakwenda juu na mwili unabaki nyuma, na ni ngumi ya kutisha kweli, sikatai. Lakini ngumi ile ilimchukua chini ya dakika mbili. Kwa Gane alikaa dakika 25 juu ya goti bovu, akashinda kwa kitu ambacho miaka minne nyuma hakuwa nacho kabisa.

Sasa kuhusu kunyang'anywa. Pambano la Gane lilikuwa la mwisho kwenye mkataba wake. Kwa bingwa, mikataba ya kule ina kipengele cha kumrefusha muda, kwa hiyo hakuweza kuondoka kesho yake. Mwezi Machi akafanyiwa upasuaji wa goti, akakaa mwaka mzima bila kupigana na bila kulipwa kwa pambano lolote. Waliendelea kuzungumza. Alichotaka kinajulikana, amekisema hadharani mara nyingi: aruhusiwe kupigana ndondi, wapiganaji wapate bima ya afya, mpiganaji aweze kuwa na wadhamini wake mwenyewe, na wapiganaji wawe na mtu wa kuwasemea kwenye vikao. Rais wa UFC naye alisema hadharani kwamba walimpa ofa kubwa kuliko iliyowahi kutolewa kwa mpiganaji wa uzito wa juu. Huenda ni kweli. Kwa pambano la Gane alilipwa dola 600,000, na hiyo ofa mpya ingemtajirisha zaidi. Hakusaini. Januari 2023 UFC ikatangaza kumwachia, mkanda ukabaki wazi, na mwezi Machi Jon Jones akauchukua kwa kumkaba Gane katika raundi ya kwanza. Ni Gane yuleyule aliyekwisha kupigwa na Ngannou.

Mtu anayeweka kitu mezani na kutoka mlangoni kwa miguu yake, Kiswahili chetu kinasema ameacha. Kunyang'anywa ni kuvutwa mkononi. Hakuna mtu aliyemshinda Ngannou akiwa bingwa.

Naomba niseme na jambo jingine, kwa sababu nadhani kosa la maelezo yenu linaanzia mbali zaidi. Kila anapotajwa Ngannou, hamkosi kutaja mchanga. Mtoto wa Batié, kijiji cha magharibi mwa Kameruni, wazazi wametengana, anachimba mchanga tangu akiwa na miaka kumi au zaidi kidogo, na kutoka huko akapata ngumi ya chuma. Hadithi inapendeza. Mimi nimepakia mchanga kwenye malori miaka sita, tangu nikiwa na umri wa miaka kumi na minne, na naomba mniamini nikisema mchanga haumpi mtu ngumi.

Mchanga unakupa mambo mengine. Unajua uzito wa mchanga uliolowa mvua? Chepe moja inakuwa kama mbili, na ukiizamisha vibaya inagoma kutoka, inakuvuta kiuno. Mpini unang'aa pale mikono inaposhika, na ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada inakufa, unaweza kuichoma sindano usihisi. Jioni huwezi kufunga kifungo cha shati. Tulikuwa wanne kwa kila lori na tuligawana malipo ya tripu. Siku lori halikuja, hakuna kitu. Kati ya wale niliopakia nao, nawajua wawili wasioweza kuinama kufunga kamba za viatu leo. Hakuna bingwa hata mmoja. Kama mchanga ungekuwa unatoa mabingwa, Afrika ingekuwa na mikanda yote ya dunia.

Alichofanya Ngannou ni kuondoka kwenye mchanga. Alianza ndondi akiwa na miaka 22, umri ambao makocha wengi wangemwambia rudi nyumbani. Mwaka 2012 akaondoka Kameruni, akapita Nigeria, Niger na jangwani hadi Algeria, akaingia Morocco, akakaa huko karibu mwaka mzima akijaribu kuvuka. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyokuwa akitafuta chakula kwenye taka za soko usiku. Walikamatwa, wakarudishwa, wakajaribu tena. Mwaka 2013 alivuka kwa boti ya mpira hadi Hispania, na huko akawekwa kizuizini karibu miezi miwili. Alipofika Paris alilala kwenye maegesho ya magari. Alikuwa anatafuta gym ya ndondi tu. Ni watu aliokutana nao Paris waliomwambia upo mchezo mwingine, wa mateke, mieleka na kabari, ajaribu huo. Hakuwa anaujua. Mwishoni mwa mwaka huohuo akapigana mara mbili: la kwanza akashinda, la pili akapoteza.

Nasisitiza hilo la kupoteza kwa sababu ndilo ninaloona mnaliogopa. Mkiandika juu ya bingwa, mnapanga ushindi kama ngazi, kisha likija anguko mnaandika kwamba ameishia. Ngannou ameanguka zaidi ya mara moja, na kila mara alipoanguka kuna kitu alikiokota chini.

Aliingia UFC mwishoni mwa 2015, akashinda mara sita mfululizo, Overeem akiwa wa sita. Wote tukaamini. Mimi niliwaambia watu kijiweni kwamba Stipe Miocic hatamaliza raundi ya kwanza. Miocic, bingwa wa wakati huo, ni zimamoto wa Ohio, na anapigana kama zimamoto, hana haraka na moto. Boston, Januari 2018, aliziacha ngumi kubwa zipite, akashika kiuno, akamlaza Ngannou chini, akamlalia. Raundi ya pili ilipoisha Ngannou alikuwa anahema mdomo wazi. Alimaliza raundi zote tano, hilo nampa heshima yake, lakini majaji wote watatu waliandika 50 kwa 44. Nilizima televisheni na sikutoka nje siku hiyo.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Julai 2018, Las Vegas, dhidi ya Derrick Lewis. Dakika kumi na tano, wanaume wawili wakubwa wanatazamana. Ngannou alifikisha ngumi na mateke ya maana kumi na moja tu katika pambano zima. Ukumbi ulizomea. Alipoteza, na watu wakasema ameringa, amekwisha, umaarufu umempanda kichwani. Baada ya siku chache aliandika mwenyewe kwamba alibeba hofu ya pambano lililopita akaingia nayo kwenye hili.

Mhariri, sentensi hiyo naielewa kwa mwili wangu. Siku moja tulikuwa tunashusha mzigo, ubao wa nyuma wa lori ukachomoka bawaba na kumponda mwenzangu mguu. Mimi nilikuwa hatua moja pembeni, sikuguswa hata unywele. Lakini kwa wiki nyingi baadaye nikifika nyuma ya lori miguu inagoma. Nasimama na chepe mkononi, nguvu ninazo, siumwi, lakini siwezi kusogea. Wenzangu walidhani nimekuwa mvivu. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Nilipomwona Ngannou amesimama mbele ya Lewis, mikono juu, anaangalia tu, nilimjua yule mtu. Hakuwa anaringa.

Mtu mkubwa kiasi kile, anayelipwa kutisha wenzake, kusema hadharani "niliogopa" si jambo dogo. Ningependa vijana wasome habari hiyo kwa herufi kubwa kama zile mnazotumia kwa KO.

Miezi minne baadaye, Beijing, alimmaliza Curtis Blaydes kwa sekunde 45. Kisha Cain Velasquez kwa sekunde 26, kisha Junior dos Santos kwa sekunde 71, na Mei 2020 Jairzinho Rozenstruik kwa sekunde 20. Mwanangu ameyajumlisha pale ukutani: mapambano manne, sekunde 162. Hata raundi moja haitimii. Na wawili kati ya hao, Velasquez na dos Santos, waliwahi kuushika mkanda huohuo.

Lakini sekunde hizo zisiwadanganye. Jibu lilikuja tarehe 27 Machi 2021, alipokutana na Miocic mara ya pili. Raundi ya kwanza Miocic alijaribu kilekile cha Boston, akaingia miguuni. Ngannou akatupa makalio nyuma, akamlemea kwa uzito, akazunguka mgongoni na kumpiga akiwa pale. Tukio la sekunde chache tu. Nilimwambia mwanangu, pambano limeisha. Akaniuliza limeishaje na wote wamesimama. Raundi ya pili, sekunde ya 52, ngumi ya kushoto ikafanya yaliyobaki. Akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, na alipoupeleka mkanda Batié watu walijaa barabarani. Tarehe ya siku ile ya Machi ndiyo iliyoandikwa kubwa kuliko zote pale ukutani.

Nirudi kwenye neno lenu la pili, kuishia.

Baada ya kuachana na UFC alisaini na PFL, kampuni nyingine ya mapigano mchanganyiko, Mei 2023. Humo akaweka sharti kwamba atakayepigana naye apewe kima cha chini cha dola milioni mbili. Sijui mabingwa wangapi wamewahi kuingia kwenye mazungumzo ya mshahara na kumdai mwajiri amlipe vizuri na mpinzani. Kisha akapata ndondi aliyoitamani tangu utotoni. Oktoba 2023, Riyadh, pambano lake la kwanza kabisa la ndondi za kulipwa likawa dhidi ya Tyson Fury, bingwa wa dunia wa wakati huo wa chama cha ndondi cha WBC. Riyadh saa zao ni zetu, kwa hiyo tulikesha. Raundi ya tatu ngumi ya kushoto ikampata Fury juu ya kichwa, akakaa chini. Kelele zilizotoka kwenye nyumba za jirani usiku ule sijawahi kuzisikia hata kwenye soka. Majaji wakagawanyika: mmoja 95 kwa 94 kwa Ngannou, wawili kwa Fury, 95 kwa 94 na 96 kwa 93. Mimi nilimpa Ngannou. Hata anayempa Fury akubali kwamba mgeni wa siku moja alimkalisha mwenye nyumba.

Machi 2024 alipigwa na Joshua. Alianguka raundi ya kwanza, akaanguka mara mbili raundi ya pili, na ile ya mwisho hakuinuka hadi madaktari walipokuja. Sitafuti udhuru. Joshua alikuwa bora, alijiandaa, na alimpiga vizuri. Picha ile ipo pia kwenye ukuta wa mwanangu, kwa sababu nilimwambia akibandika abandike zote.

Mwezi uliofuata Ngannou alimpoteza mwanawe, Kobe, mtoto wa miezi kumi na mitano. Hapo sina la kuandika. Ninajua tu kwamba kwa miezi ile hakuna mtu aliyemtegemea arudi, na asingerudi hakuna ambaye angemlaumu.

Tarehe 19 Oktoba 2024 alirudi kizimbani, Riyadh tena, dhidi ya Mbrazili Renan Ferreira, mtu wa futi sita na inchi nane. Ilikuwa miaka miwili na miezi tisa tangu apigane mapigano mchanganyiko, tangu usiku ule wa goti. Watu walisubiri ngumi. Yeye mara tu alipopata nafasi alimwingia Ferreira mwilini, akamwangusha, akapanda juu, akapiga kutokea pale hadi mwamuzi akaingia kati, dakika ya tatu na sekunde 32 za raundi ya kwanza. Halafu akalia. Alisema hakuweza kuwaza kitu kingine ila mwanawe, na kwamba kwa kiasi kikubwa pambano alilikubali kwa ajili yake.

Hilo lilitokea miezi saba baada ya Joshua. Kwa hiyo hata kwa kalenda tu, hakuishia kwa Joshua.

Ninachoomba ni mistari miwili kama ile mliyotumia kukosea, pahala palepale chini ya ukurasa: kwamba Ngannou aliuacha mkanda akiwa bingwa, na kwamba pambano lililofuata baada ya Joshua alishinda. Picha mliyoitoa ni nzuri, amevaa suti, anacheka. Bado iko ndani ya daftari la hisabati la mwanangu. Amesema hataibandika hadi apate maneno ya kuweka chini yake, na nafasi ameiacha, karibu na dirisha.

Wenu,
Mpakia mchanga wa zamani